Mjumbe wa Choo

Nilichaguliwa kwa sababu sikuwa msemaji. Hilo sikuambiwa siku ile. Nililisikia baadaye kutoka kwa matroni, ambaye akishakasirika hafichi neno. Siku yenyewe niliitwa tu ofisini kwa mkuu wa chuo asubuhi, tumetoka kufyeka majani, nikaenda na jasho langu na ndala zilizojaa udongo, nikijiuliza nimekosa nini.

Mkuu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, anayemwita kila mwanafunzi mwanangu hata anapomfukuza. Akaniambia niketi. Sikuwahi kusikia mwanafunzi ameketi katika ofisi ile.

"Mwanangu," akasema, "chuo kinaandaa mpango wa miaka kumi. Wafadhili wetu wanataka kwenye kamati awepo mwanafunzi, na wangependelea msichana. Walimu wamekutaja wewe."

"Ahsante, mkuu."

"Utakuwa sauti ya wenzako. Si jambo dogo hilo."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kilikuwa chuo kidogo kando ya barabara ya vumbi, mkoani kwetu Singida. Kilifundisha mabibi maendeleo na mabwana maendeleo, yaani watu wa kupelekwa vijijini kuwahimiza wananchi wachimbe visima, wapande kwa mistari, wapeleke watoto kliniki, wajenge vyoo. Siku hizi hakipo. Majengo yanafanya kazi nyingine. Nazungumzia miaka ile ya ruksa, wakati maduka tuliyoyajua na rafu tupu yalianza kujaa sabuni za rangi, betri na makopo, na mitumba ikamwagwa chini minadani watu wakaigombania. Kujitegemea, neno tuliloimba tangu darasa la kwanza, lilikuwa limegeuka maana bila mtu kututangazia. Sasa lilimaanisha kila mtu ajijue. Mkuu wetu alilipenda. Kila Jumatatu mstarini alituambia serikali imeanza kuondoa mkono, kwa hiyo chuo lazima kijiendeshe kama duka.

Somo letu kubwa liliitwa ushirikishwaji. Alilifundisha makamu wa mkuu, mtu mwembamba, nadhifu, kola nyeupe hata siku za vumbi. Alitufundisha kwamba mpango uliotungwa bila kumuuliza mwenye shida ni mzigo anaotwishwa punda. Tuliandika hivyo madaftarini, na mimi katika mtihani nikaandika vizuri kuliko wote.

Nilimwandikia baba barua. Alikuwa mkulima wa Misigiri, wa mtama na alizeti, mtu asiyewahi kukaa katika kamati yoyote isipokuwa ya kuzika. Nilipokwenda likizo mama aliniambia kwamba barua ile baba aliisoma kwa jirani mmoja baada ya mwingine mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Basi nikaichukua kazi kwa moyo. Nilinunua daftari jipya, nikazunguka mabweni yote, ya wasichana na ya wavulana, nikiuliza: chuo hiki miaka kumi ijayo mnataka kiweje? Wavulana walitaka vitabu, na uwanja wa mpira uliosawazishwa. Wasichana walitaka kitu kimoja. Niliuliza vitanda vyote, na vyote vilinijibu neno lilelile.

Choo.

Nitakieleza, kwa sababu wale waliokaa mezani baadaye walikataa kukiandika. Kilijengwa na matundu manne, wakati chuo kina wasichana wachache. Sasa tulikuwa zaidi ya mia. Matundu mawili yalishazibwa kwa mawe kwa sababu sakafu ilikuwa imepasuka. Mawili yaliyobaki yalikuwa yamejaa mpaka hukuhitaji kuinama kuona. Ukifungua mlango mchana, unaona kinachotembea. Funza walipanda juu ya zege, wakapanda kwenye ndala. Mvua ikinyesha maji yalipanda, na uchafu wote ukapanda nayo. Vitambaa vyetu vya mwezi hatukuwa na pa kuvitupa, tukavifukia vichakani kama wachawi, na mbwa wakavifukua. Upepo ukivuma kutoka upande ule, tulikula makande tumejifunika pua kwa kanga. Kuna msichana aliacha kula jioni kabisa, ili asihitaji kwenda. Na wakati huohuo tulikuwa tunapelekwa vijijini kwa mazoezi, tukiwa na picha za inzi na mikono michafu, kuwafundisha wazee wa watu namna ya kuchimba choo bora.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, msichana mrefu kutoka upande wa Mkalama, alinishika mkono nilipomaliza kuandika. "Waambie kama kilivyo," akasema. "Usiwapambie."

"Nitawaambia."

Kikao cha kwanza kilifanyika katika maktaba. Mwenyekiti alikuwa mkuu, katibu alikuwa makamu wake. Alikuwepo matroni, na walimu wawili ambao sikumbuki walisema kitu zaidi ya "naunga mkono". Alikuwepo pia mfanyabiashara mmoja mwenye malori, aliyeitwa mwakilishi wa jamii. Mimi nilipangiwa kiti karibu na mlango, kando ya meza yenye chupa za chai.

Nilikuwa nimeweka daftari magotini, limefunguliwa kwenye ukurasa wake. Mkuu alipomaliza kusoma ajenda aliangaza macho, akaniona, akatabasamu.

"Mwanangu, hebu tusaidie chai."

Nikainuka. Nikawamiminia wote, nikauliza nani anatumia sukari. Nilipoketi, mfanyabiashara akainua kikombe chake tena. Hivyo ndivyo nilivyokishiriki kikao cha kwanza, nimesimama zaidi kuliko nilivyoketi. Ya wanafunzi yaliwekwa mwisho, chini ya mengineyo, na tulipofika kwenye mengineyo mkuu akatazama saa yake, akasema chakula kimekuwa tayari na ya leo yanatosha.

Chakula kilikuwa kuku wa kienyeji, wale wa kwetu wanaopelekwa mpaka Dar es Salaam, na wali, na soda. Sikuwa nimekula kuku tangu nitoke nyumbani. Nilikula paja zima. Nilikula haraka, nimegeuzia mlango mgongo, na mchuzi ukanichuruzika mpaka kiwiko. Nikikumbuka leo sioni ajabu kwamba nilikula, nilikuwa na njaa. Kinachonitia kinyaa ni kwamba nilishukuru. Nilimshukuru kila mmoja wao.

Nilirudi bwenini. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa ananisubiri.

"Umetusemea?"

"Muda uliisha."

Akanisogelea, akanusa mkono wangu. "Na wa kuku ulitosha?"

Niliapa moyoni kwamba kikao cha pili nitasema hata nikiwa nimebeba chupa ya chai.

Kikao cha pili kilikuja baada ya mwezi. Safari hii ukutani walikuwa wamebandika karatasi ya manila yenye ramani ya chuo cha miaka kumi ijayo, imechorwa kwa kalamu za rangi. Nilitafuta bweni letu. Lilikuwepo, kisanduku kidogo. Nyuma yake, katika kiwanja ambacho kila mtu chuoni alijua kimetengwa kwa bweni jipya la wasichana na choo chake, kulikuwa na kisanduku kikubwa chekundu kilichoandikwa UKUMBI. Pembeni yake nyumba ya wageni. Pembeni ya nyumba ya wageni, duka.

Makamu alieleza kwa fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Ukumbi utakodishwa kwa harusi na mikutano. Utaonyesha video. Watu watatoka mpaka Kiomboi kuja. Mfanyabiashara alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, na mkuu akasema maneno ambayo nadhani aliyapata kwenye semina: kwamba chuo kisichouza kitu kitauzwa chenyewe.

Nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, mwanangu."

Nikasimama, nikasoma daftari. Nilianza kwa sauti ndogo, ikakua. Nilisoma matundu manne, sakafu iliyopasuka, maji ya mvua, vichaka. Sikuwapambia. Niliposema funza, mwalimu mmoja aliweka chini andazi lake. Nikamaliza kwa kusema wasichana wanaomba kwamba kabla ya ukumbi, mpango uanze na choo, na kiwanja kile kibaki kama kilivyotengwa.

Halafu mfanyabiashara akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Binti," akasema, "hii ni kamati ya mipango ya muda mrefu. Choo ni jambo la asubuhi na jioni. Sasa wewe kinyesi unataka tukipangie miaka kumi?"

Wakacheka wote. Walimu wale wawili walicheka kwanza wakimtazama mkuu, walipoona anacheka wakacheka zaidi. Matroni hakucheka, alikuwa anakagua kucha zake. Nyumba yake ilikuwa na choo chake, chenye mlango na kufuli. Lakini niliyemtazama mimi alikuwa makamu, mwalimu wangu wa ushirikishwaji, aliyetufundisha habari za punda. Alikuwa amefunika kalamu yake. Muda wote niliokuwa nasoma hakuandika herufi moja.

"Tumepokea," akasema mkuu, akifuta machozi ya kicheko. "Tumepokea, mwanangu. Keti."

Tangu siku ile silipendi neno tumepokea. Nimelisikia katika ofisi nyingi, na kila mara naona mtu anapewa kitu mkononi naye anakiachia kianguke chini ya meza.

Habari za kicheko zilitoka nje ya maktaba kabla yangu. Jioni wavulana walikuwa wananiita mjumbe wa choo. Jina hilo lilinikaa mpaka namaliza.

Wiki moja baadaye, mwisho wa kipindi, makamu aliniita mezani. Alikuwa na muhtasari wa kikao, umepigwa taipu, karatasi bado zinanuka wino. Akanifungulia ukurasa wa mwisho, penye mistari ya saini. Wenzangu wote walishasaini. Nikaomba kusoma. Hakupenda, lakini akanipa.

Ilikuwa imeandikwa hivi: kwamba mwakilishi wa wanafunzi alieleza kuwa wanafunzi wameupokea mpango kwa furaha, na wameahidi kushiriki kwa nguvu zao zote.

"Mwalimu," nikasema, "mimi sikusema hivi."

"Hiyo ni lugha ya vikao."

"Lakini choo hakimo."

"Kimo." Akaweka kidole chake kisafi juu ya mstari. "Unaona hapa? Kuboresha mazingira. Choo ni mazingira. Humo ndani kuna choo, kuna maua, kuna kila kitu."

Darasa lilikuwa limebaki tupu, vumbi la chaki limetulia mezani. Yeye hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Mazoezi yako ya vijijini muhula huu, nani anayasahihisha?"

Alikuwa yeye.

Nilisaini. Nimejaribu mara nyingi kulisimulia jambo hili kwa namna ambayo ningeonekana nimelazimishwa, na mara zote naacha njiani, kwa sababu kalamu niliishika kwa mkono wangu. Yeye aliinama akapuliza saini yangu ikauke, akiwa amechongoa midomo kama mama anayepoza uji wa mtoto, nikahisi pumzi yake kwenye vidole vyangu.

Bwenini sikusema. Mwenzangu aliponiuliza, nilimwambia wamepokea.

Kabla ya mvua mgeni wa wafadhili alikuja, mama wa kizungu mwenye kofia ya majani na viatu vizito. Siku tatu tulipaka chokaa mawe ya njiani. Choo chetu kilifungwa kwa kufuli, kikafunikwa matawi mabichi ili njia yake isionekane, na sisi tukaambiwa tuvumilie mpaka gari lake liondoke. Wenye kushindwa waende mbali, upande wa mawe makubwa. Mimi nilivalishwa gauni la kuazima la binti wa matroni, nikawekwa kwenye msafara.

Mbele ya ile ramani ya manila yule mama alinigeukia. Aliuliza kwa Kiingereza kama wanafunzi tumeshirikishwa katika mpango huu, na kama tumeridhika. Aliuliza vizuri. Aliniangalia machoni, akasubiri. Mkuu akaanza kunitafsiria, lakini Kiingereza kile nilikuwa nimekielewa, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshajibu.

"Yes, madam."

Akaandika kitabuni. Mkuu akaniwekea mkono begani, mzito, wa moto, akauacha hapo muda mrefu. Nje, kupitia dirishani, niliwaona wasichana wawili wakitoka upande wa mawe, wanatembea haraka wameinamisha vichwa.

Mvua zilipoanza, chuo kilikuwa kimeshapokea mifuko ya kwanza ya saruji ya ukumbi, na msingi ukaanza kuchimbwa nyuma ya bweni letu. Malori yalipita kandokando ya choo kila siku. Asubuhi moja, tunajiandaa kwa uji, tulisikia ukelele. Si ukelele wa kuona nyoka. Ulikuwa mrefu, haukuwa na pumzi katikati.

Sakafu ilikuwa imeachia kona. Msichana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa wafugaji kutoka Manyoni, alikuwa ametumbukia mguu mmoja mpaka juu ya paja, na mguu wa pili umejikunja juu ya zege. Nondo iliyojitokeza ilikuwa imemchana. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na mlango wenyewe unang'oka. Mwenzangu wa kitanda cha juu alilala kifudifudi juu ya uchafu ule, akamkumbatia kiunoni, sisi tukamvuta yeye kwa miguu. Tulipomtoa, mguu ulikuwa mweusi hadi juu, na damu ilikuwa inajichimbia njia katikati ya weusi. Tulimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Alikuwa halii tena. Alikuwa anasema, "Msiniangalie, dada zangu, msiniangalie."

Gari la chuo halikuwepo. Lilikuwa limekwenda kuchukua saruji. Tulisimamisha lori la vitunguu barabarani, wakampeleka hospitali Kiomboi juu ya magunia, mwenzangu amemshika kichwa.

Matroni alinikuta nafua kanga yangu. Alitazama kulia na kushoto.

"Wakiuliza," akasema, "aliteleza kwenye jiwe."

"Matroni, kila mtu ameona."

"Kila mtu si mjumbe wa kamati. Wewe ndiye utakayeulizwa."

"Nikiulizwa nitasema kweli."

Hapo ndipo alipofungua kinywa. "Kweli ipi? Unajua kwa nini ulipewa kiti kile? Walitajwa wengine, wenye midomo. Mimi ndiye niliyesema tumchukue huyu, huyu hasemi. Usije ukaniaibisha."

Nilikamua kanga, maji yakatoka ya kijivu. Sikuwa na hasira wakati ule. Nilikuwa na aibu nzito tu, kwa sababu alikuwa hajakosea.

Kesho yake wasichana hawakwenda darasani. Hakuna aliyepanga, au kama alikuwepo hakuniambia mimi. Walitoka na vikombe vyao vya uji, wakaenda kuketi chini mbele ya ofisi ya mkuu, kwenye udongo uliolowa. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Wavulana walikuja kucheka, wakaona hakuna cha kucheka, wengine wakaketi nyuma yao.

Mkuu aliniita kwa mlango wa nyuma. Safari hii hakuniambia niketi.

"Kawaambie wenzako warudi darasani. Wewe ni mwakilishi wao, watakusikia. Waambie choo kimo kwenye mpango."

"Hakimo, mkuu."

"Kimo kwenye mazingira."

Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikasimama kwenye ngazi. Nyuso zote zilinigeukia. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa katikati, amerudi kutoka hospitali usingizi haujamtoka. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakapotea. Nikasema nililokuwa nalo.

"Mimi nilisaini," nikasema. "Nilisema habari ya choo wakacheka. Halafu wakaandika kwamba tumeupokea mpango kwa furaha, wakanipa nisaini, nikasaini. Mgeni aliponiuliza nikasema tumeridhika. Choo hakimo. Kiwanja kile wamekipa ukumbi."

Nilisikia mlango wa ofisi nyuma yangu unafungwa taratibu.

Mwenzangu alisimama. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama unavyokitazama kitu ulichokikanyaga.

"Kwa hiyo umetuandika kwamba tumefurahi."

"Ndiyo."

Akageuza uso, akatema mate chini. Wengine wakaanza kunung'unika, mmoja akasema niondoke. Yeye akawanyamazisha kwa mkono. "Mwacheni akae," akasema. "Na yeye anakwenda choo kilekile."

Nikashuka, nikaketi pembeni kwenye tope. Aliyekuwa karibu yangu alijivuta kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

Mkuu alitoka mchana. Alisema chuo kimesikia kilio cha wanafunzi, na choo kipya kitachimbwa mara moja, mahali pengine, si kwenye kiwanja cha ukumbi. Kitachimbwa na wanafunzi wenyewe. Kuchimba huko kutahesabiwa kuwa mazoezi ya vitendo katika somo la ushirikishwaji.

Tukachimba. Majembe hayatoshi, sururu mbili, na chini ya udongo wa juma la kwanza tukakuta mwamba, kama ilivyo kwetu kote. Wiki tatu tulipasua mawe, wasichana na wavulana kwa zamu, viganja vimetoka malengelenge. Makamu alikuwa anakuja na kola yake nyeupe, anasimama mbali na vumbi, ana daftari. Alikuwa anatupa alama. Mimi alinipa alama za juu. Niliziona kwenye ripoti yangu, nikatamani kuzikwangua kwa wembe.

Choo kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Matundu sita, sakafu imara, shimo la kutupia vitambaa vyetu. Msichana wa Manyoni alirudi akitembelea gongo kabla ya mitihani. Alimaliza masomo, ila kuchechemea hakukumwacha. Hakuwahi kunilaumu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nambebea ndoo yake ya maji, basi. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliendelea kulala juu yangu mpaka tunamaliza, na akawa ananisalimia kama unavyomsalimia mpangaji mwenzako. Tulipoagana alinipa mkono. Sijamwona tena.

Niliandika barua ya kujiuzulu kamati. Haikujibiwa. Kikao kilichofuata nilimwona msichana wa mwaka wa kwanza, mpole, mwenye macho ya chini, anaingia maktaba. Nilimsubiri nje nimweleze. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Lakini dada, mkuu amesema ni nafasi kubwa." Kijitabu cha mpango kilipotoka, kilisema kwamba kamati, kwa kushirikiana na mwakilishi wa wanafunzi, ilibuni na kusimamia ujenzi wa choo cha kisasa. Kufikia hapo ukumbi ulikuwa umeezekwa, na mwenye malori ndiye aliyepewa kuuendesha.

Nilipangiwa kazi Mitundu, kule upande wa Itigi. Ningependa kusema kwamba kule niliwafanyia watu tofauti. Nilijaribu. Lakini mwaka wa pili kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu kisima, akina mama wakasema mahali kilipopangwa ni mbali, mwenyekiti akawanyamazisha, na mimi nikiwa katibu, nimechoka, lori la kurudi linapiga honi, niliandika: wananchi wameupokea mradi kwa furaha. Nililiandika bila kufikiri, kwa mwandiko mzuri. Niliposoma tena nyumbani nilichana karatasi, nikarudi kesho yake kwa miguu kuwaomba akina mama waseme upya. Wengine walisema. Wengine walinitazama tu, wakaendelea kupeta mtama.

Mkuu nilimwona mara moja baadaye, stendi ya mabasi Singida, miaka kadhaa imepita. Alikuwa amestaafu, amekonda, shati linampwaya. Nilimwamkia, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na hiyo shikamoo ilinitoka kama mfupa.

"Marahaba, mwanangu! Nakukumbuka," akasema, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Vijana wa siku hizi wasumbufu, migomo kila siku. Nyinyi mlikuwa watu. Wewe hasa, hukunisumbua hata siku moja."

Nilitazama uso wake nikitafuta dhihaka. Haikuwepo. Alikuwa anamaanisha, kwa moyo mweupe kabisa, na alikuwa amesahau mengine yote: tope, gongo, wasichana mia moja mbele ya mlango wake. Nilitaka kumwambia. Neno la kuanzia nilikuwa nalo. Lakini kondakta alikuwa anaita wa Itigi, na mzee alikuwa anauliza habari za kazi, na mimi nikasema ni njema.

Nikautoa mkono wangu mikononi mwake, nikapanda basi. Viti vya mbele vilijaa, nikaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya tairi, na njia nzima nilikuwa na kichefuchefu ambacho jirani yangu alidhani ni cha safari, akanipa limau nilambe.